Mkorosho wa Bi Shamsa

Nakumbuka adhuhuri moja ya joto kali, mwanangu, bibi mmoja mzee aliniketisha mbele yake juu ya gunia la samadi, akaniuliza swali dogo ambalo mume wangu alikuwa amelikwepa kwa miaka. Nitakuambia swali lenyewe. Lakini kwanza nataka nikugombeze, maana jana umenikera, na mtu wa umri wangu akilala na kero anaamka na kichwa.

Zuhura, mtoto wa mdogo wangu, nimesikiliza ile sauti uliyonitumia kwenye simu. Nilikuwa napepeta mchele, nikaweka ungo chini. Unasema biashara yako ya miche huko Pemba ya Msumbiji inakwenda vizuri, alhamdulillahi. Umepata uzio, umepata neti ya kivuli, umepata na mteja mgeni wa kampuni moja, mtu wa nchi za baridi, anayetaka matufaha ya kwao mbele ya nyumba yake. Nikatega sikio nisikie umemjibu nini. Nikakusikia unacheka. "Mama mkubwa, nimemwambia yatazaa tu, inshaallah." Hapo nikaizima simu, nikamaliza mchele wangu kwa hasira, na nusu ya chenga zikabaki mle mle.

Mwanangu, tufaha linataka baridi ya Njombe. Linataka mahali mtu anapoamka na sweta. Huko uliko ni kama hapa Kilwa Masoko, kanga inakauka kambani kabla hujamaliza kuanika ya pili. Wewe unalijua hilo. Ungekuwa hujui nisingekasirika, asiyejua anafundishwa. Wewe unajua, na bado umesema ndiyo, kwa sababu ndiyo ni tamu mdomoni na hapana ina ukakasi. Basi kaa unisikilize. Ugonjwa huo ulikuwa ndani ya nyumba yangu kabla hujazaliwa. Nimelala nao na kuamka nao.

Unajua mimi kwetu ni Nyangamara. Baba yangu alikuwa na shamba la mikorosho, na alijua kubebesha miche: unachukua kikonyo cha mti unaozaa sana, unakifunga kwenye shina la mche mchanga, unangoja vishikane. Nilijifunza mkononi mwake. Baba yako mkubwa, Athumani, alikuwa mtu wa hapa Kilwa Masoko, akiuza samaki wa kukaanga pale Somanga yanaposimama mabasi. Kazi ile ndiyo iliyomfundisha kusema ndiyo. Abiria akiuliza kama samaki ni wa leo, ni wa leo. Akiuliza kama basi litamsubiri, litamsubiri. Wangapi walikimbilia basi na samaki mkononi, mimi sijui, ila nilicheka sana nilipokuwa mchumba wake. Uchumba una macho ya kuona raha tu.

Shangazi yake aliolewa Omani zamani, na mtoto wa shangazi huyo akatuita. Alikuwa na kiwanja kando ya barabara huko Barka, si mbali na Maskati, na sheria za kule zinataka mgeni awe na mwenyeji wa kumdhamini. Yeye akawa mdhamini, sisi tukawa mikono. Tukafungua bustani ya kuuzia miche: mitende midogo, milimau, asumini, mirehani, vyungu vya udongo vya kila saizi, samadi, mipira ya maji. Sehemu ile ina watu wengi wanaosema Kiswahili, ambao wazee wao walitoka Unguja na pwani yetu, kwa hiyo lugha haikutusumbua. Kilichotusumbua ni jua, na maji ya kisima yaliyokuwa na chumvi, na wateja.

Wateja wa miche ni watu wa kuchosha roho, na hilo utaliona mwenyewe kama hujaliona. Mama mmoja alinunua asumini akaiweka sebuleni, mapazia yameshushwa, kiyoyozi kinavuma kutwa, kisha akairudisha na kuuliza kwa nini hainukii. Mwingine alimwagilia saa saba mchana kwa mpira uliolala juani. Maji yake ungetia majani ya chai yangekolea. Mwingine alibeba mlimau mwembamba kama mwiko, na mwezi haujaisha amesimama mlangoni anadai malimau. Hao wote niliwaweza. Aliyenishinda ni Athumani.

Kwa sababu kila mmoja wa watu hao alikuwa ameambiwa ndiyo. Asumini itanukia sebuleni? Itanukia, inshaallah. Mlimau utazaa upesi? Utazaa, inshaallah, utashindwa kula. Akishasema anapakia gari anakwenda kupeleka mzigo, na mimi ndiye ninayebaki na mtu aliyeshika kijiti kikavu. Yeye alipanda maneno, mimi nikavuna.

Nikimwambia, ananitazama kwa upole, utadhani mimi ndiye mgonjwa. "Mama Hadija," ananiambia, "mtu akija kwako na furaha yake, usimrudishe na huzuni." Na tena hakuwa na tamaa. Mche ukifa anatoa mwingine bure, anaupeleka kwa mkono wake, anaomba radhi. Angekuwa mwizi ningejua la kufanya. Lakini mtu mwema anayedanganya kwa wema, mwanangu, utamshitaki kwa nani? Nilizungumza mpaka nikajiona mimi ndiye mwenye kelele nyumbani.

Ndipo akaja Bi Shamsa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye miwani mizito, na alitembea kwa haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Alinisikia ninaongea na mteja, akasimama nyuma yangu mpaka nikamaliza. "Wewe mtu wa kusini wewe," akasema. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia kwetu Nyangamara. Akanishika mkono asiuachie. Yeye alizaliwa Lindi mjini. Baba yake alikuwa na duka, na shamba la mikorosho ng'ambo ya maji, upande wa Kitunda. Aliolewa akiwa msichana mdogo, akapelekwa Omani, akazaa, akazika mume, akapata wajukuu, na hakurudi Lindi hata mara moja.

Hakutaka maua. Alitaka mkorosho. Alinieleza jinsi mabibo, matunda yenyewe ya mkorosho, yanavyonuka msimuni, yakiwa yameanguka chini na kuiva kupita kiasi, na jinsi maji yake yanavyokaba koo, na doa lake kwenye gauni ambalo mama mtu analiona akakuchapa. Alisema hapa nina kila kitu, wanangu wananitunza, sina la kumlaumu Mungu. Ila nataka mkorosho mmoja uani kwangu, nile bibo moja, nife.

Nilifungua kinywa nimwambie. Athumani aliniwahi.

"Utalila, Bi Shamsa," akasema. "Utaota na utazaa, inshaallah. Hilo niachie mimi."

Yule bibi alilia pale pale, akampa dua ndefu. Na mimi nilisimama na koleo mkononi, nimeudhika mpaka masikio yananiwaka.

Nyumbani nilimweleza. Mkorosho unavumilia mchanga, unavumilia kiangazi, lakini maji ya chumvi yale hauyataki, na jua la miezi ya joto kule linachoma hata mtende. Akaniambia amesikia Salala, kusini ya Omani, kuna minazi na migomba. Nikamwambia Salala inapata mvua, ni kama nchi nyingine. Akasema basi tujaribu, kujaribu si kosa. Kweli, si kosa. Lakini yeye hakumwambia Bi Shamsa kwamba tutajaribu. Alimwambia atakula. Ahadi ni deni, na deni la namna hii halilipwi kwa mche wa bure.

Sasa ujue mbegu ya korosho ni danganyifu. Ukiifukia haikawii, inakuja juu imenona, ukiitazama utafikiri imepata pepo. Athumani aliagiza mbegu kwa wasafiri, akaotesha, akazipeleka mwenyewe. Miezi ya baridi mche unakwenda vizuri. Joto likifika, majani yanaungua pembeni kama karatasi iliyopita karibu na moto, kisha yanapukutika, kisha umebaki ujiti. Bi Shamsa anakuja na chungu chake. Athumani anamwambia kosa ni chungu, kidogo. Mwaka mwingine kosa ni ukuta, unatoa joto. Mwaka mwingine kosa ni maji. Bibi wa watu akaanza kununua maji ya kunywa ya dukani ili amwagilie mche. Niliyaona makasha yake nyuma ya gari, nikakosa hamu ya chakula siku hiyo.

Utaniuliza, na wewe mama mkubwa ulikaa kimya? Mume wangu nilimsema mpaka ulimi ukachoka. Lakini kumfuata mteja na kumkana mume wangu mbele yake, hilo niliona aibu. Ndivyo tulivyolelewa. Na Athumani alikuwa na jibu lake: bibi mwenyewe anafurahi, unataka kumnyang'anya kwa faida gani? Nami nikajiambia labda. Miaka ikaenda. Bi Shamsa akapunguza haraka ya kutembea, akaanza kushika mkongojo, akaanza kuletwa na dereva wa mwanawe.

Basi adhuhuri ile aliyonikalisha juu ya gunia, Athumani alikuwa amekwenda kupeleka mitende. Dereva alimshusha, akamwekea chungu miguuni. Ndani kulikuwa na ujiti. Nilimletea maji, hakuyanywa. Akaniamuru nikae, nikakaa.

"Binti," akaniambia, "wewe umezaliwa chini ya mikorosho. Sitaki kumuuliza mumeo, nakuuliza wewe. Mti huu utazaa hapa?"

Mwanangu, niliangalia barabarani kama gari letu linakuja. Halikuwa linakuja.

"Hautazaa, Bi Shamsa," nikasema. "Hapa hautazaa."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alikaa tu ametazama chungu, na mimi nimekaa juu ya samadi, sina pa kuweka mikono. Hapo ndipo gari la Athumani lilipoingia. Akashuka na bashasha yake, akaamkia kwa sauti kubwa, akaanza kusema kwamba safari hii kuna mtu anatoka Mtwara, ameagizwa mbegu kubwa za aina mpya. Bi Shamsa alimwachia amalize. Kisha akamwambia aketi. Athumani akatafuta pa kuketi, akakosa, akachuchumaa.

Aliyoyasema bibi yule nayashika mpaka leo, maana hakupandisha sauti hata kidogo. "Mwaka ule wa kwanza wanangu walitaka kunipeleka Lindi," akasema. "Walikuwa tayari kukata tiketi. Nikawaambia wangoje, mche wangu mchanga, nani ataumwagilia. Mwaka wa pili wakaniambia tena. Nikasema ya nini kuhangaika, bibo nitalila uani kwangu. Ungeniambia siku ile kwamba mti huu hauzai hapa, Athumani, ningekwenda. Magoti yalikuwa bado yangu. Leo siwezi kupanda ngazi ya nyumba yangu, sembuse ya ndege."

Athumani aliinamisha kichwa. Lakini mtu aliyezoea kujitetea hujitetea hata pasipo na mwanya. "Bi Shamsa," akasema, "mimi nilisema inshaallah."

"Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Inshaallah ni ya mtu aliyekusudia jambo na kulifanyia kazi, akabakisha lile lisilo uwezoni mwake. Wewe ulijua haliwi. Ukamtanguliza Mwenyezi Mungu akubebee uongo. Usimtie Mungu kwenye vyungu vyako."

Kisha akanigeukia mimi. Akasema leo nimemjibu na ananishukuru, lakini jibu lililochelewa ni kama mganga aliyefika matangani: watamkaribisha kahawa, basi. Akainuka. Athumani alimpa mkono amshike, akaukataa, akaegemea bega langu mpaka garini. Chungu akakiacha pale pale.

Usidhani mume wangu alitubu jioni ile. Hayo ni ya hadithi. Alinikasirikia mimi. Alisema nimemvunjia heshima mbele ya mtu mzima, nimemfanya mwongo, na mke wa watu hawi hivyo. Nami nikamjibu, na majibu yangu siku hiyo hayakuwa ya adabu, nisingependa uyasikie. Nilimwambia sikumfanya mwongo, nilimkuta hivyo hivyo Somanga na samaki wake wa leo. Tukanuniana. Tulifanya kazi bega kwa bega katika joto lile bila kusemezana isipokuwa "nipe mpira" na "funga maji". Binti yetu Hadija, angali mdogo, akawa ndiye mjumbe wetu.

Siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, alitoka bila kusema anakwenda wapi. Alirudi alasiri, akavua viatu, akakaa sakafuni. Alikuwa amekwenda kwa Bi Shamsa. Alikwenda kuwaambia wanawe kwamba yeye mwenyewe atamsindikiza mama yao Lindi, atamshika mkono kutoka nyumba hadi nyumba, gharama ni zake. Wanawe walimpokea kwa heshima, wakamweleza kwamba daktari amekataza safari ndefu, moyo wa mama hauna nguvu. Bi Shamsa alikuwa amelala, hawakumwamsha. Wakati anatoka alipita uani.

"Nimeviona vyungu, mama Hadija," akaniambia. "Vyote. Amevipanga ukutani kwa safu, kila kimoja na ujiti wake. Hakutupa hata kimoja."

Akafunika uso kwa kiganja. Nami hasira yangu ilikuwa bado haijaisha, nakuambia kweli, lakini nilikwenda kumtengea chakula, na tukala sinia moja.

Kuanzia hapo akaanza kujifunza hapana, naye akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Ilikuwa tabu kumtazama. Mteja anauliza, yeye anafungua mdomo, ndiyo imeshafika kwenye meno, anaimeza, anakohoa, anasema, "Hapana, sebuleni haitanukia, utapoteza." Wateja wengine walikasirika. Mwenye hoteli mmoja alitaka tupande bustani nzima katikati ya miezi ya joto ili ipendeze kwa harusi. Athumani akamwambia miche itakufa. Yule bwana akaenda kwa wengine, na hakurudi kwetu tena, wala sikusikia ya kwake yalikuwaje. Tulipungukiwa. Sitakudanganya kwamba ukweli ulitutajirisha. Ila watu walioleta vijiti vikavu walipungua, nami nikaanza kulala mchana.

Msimu uliofuata Athumani alirudi huku kumwangalia mama yake. Nilimwambia akipita Lindi asilete mbegu hata moja. Alileta mabibo makavu, yale yanayoanikwa juani mpaka yanakunjamana, kayafunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya nguo zake. Mabibo mabichi yasingefika, unajua yanavyooza. Tulikwenda wote wawili kumwona Bi Shamsa. Tulimkuta kitandani, mito imemwinua, amekonda. Hakumtazama Athumani. Nikamwekea bibo moja kiganjani. Alilinusa, akalimega, akalitia mdomoni, akalitafuna taratibu kwa ufizi, macho amefumba.

Alipofumbua macho ndipo alipomtazama mume wangu. "Athumani," akasema, "hii ndiyo harufu ya Lindi?"

Nilimwona Athumani anameza. Nikajua ndiyo imefika kwenye meno. Kama ipo siku ndiyo ingesamehewa, ilikuwa ile, mbele ya mgonjwa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kumwombea aiseme.

"Hapana, Bi Shamsa," akasema. "Hiyo ni harufu ya begi langu."

Bibi yule alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mwanawe akaja mbio kutazama kuna nini. Akamwita Athumani akae kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia, sasa nieleze. Nieleze Lindi ilivyo, na usinipambie. Na Athumani akaeleza. Akamwambia mtaa aliokuwa akiuulizia una maduka ya simu. Akamwambia nyumba ya baba yake hakuiona, na waliokaa pale hawalijui jina. Akamwambia ng'ambo Kitunda mikorosho ipo, mingine mizee imekatwa, mingine michanga. Kila neno lilikuwa la kuumiza, na kwa kila neno Bi Shamsa alitikisa kichwa, akasema enhe, endelea. Alikuwa kama mtu mwenye kiu aliyepata maji, hajali kama yana mchanga.

Alifariki kabla ya joto kurudi, Mungu amrehemu. Lindi hakuiona. Usitafute faraja hapo, mimi sijaipata.

Sisi tulikaa miaka kadhaa zaidi, kisima kikazidi chumvi mpaka hata milimau ikakataa, tukarudi nyumbani. Baba yako mkubwa yuko hapa barazani, ananisikia, na anajifanya amesinzia. Usidhani amepona kabisa. Leo asubuhi amemwahidi kijana wa bodaboda kwamba mimi nitampikia pilau Jumapili. Mimi. Hakuniuliza. Lakini mtu akimwuliza habari ya mti, hata mtoto wa shule, hujibu kama yuko mbele ya kadhi.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na naisema wazi usije ukasema mama mkubwa alizungumza kwa mafumbo. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, maana kidole kinakuumiza wewe, ulimi unaumiza aliyekuamini. Ukiwa ugenini na unauza kitu chenye uhai, watu hawanunui mche tu. Mwingine ananunua kwao. Mwingine ananunua miaka iliyompita. Ukimwambia ndiyo, anapanga maisha yake juu ya ndiyo yako: anakataa safari, anaacha njia nyingine, anangoja. Wewe umeshasahau, yeye anamwagilia. Hasara ya mche ni ndogo; wakati alioupoteza akikungoja hakuna duka linalouza.

Kwa hiyo usilolijua, sema silijui. Usiloliweza, sema siliwezi. La kujaribu, sema tunajaribu na huenda tukashindwa. Na inshaallah uiweke mahali pake, mwishoni mwa kazi, si mwanzoni mwa uongo. Hapana yenye adabu haijamuua mtu. Na usingoje uulizwe ukiwa umekaa juu ya gunia, kama nilivyoulizwa mimi. Ukimsikia mwenzako anaahidi lisilowezekana, sema siku hiyo hiyo, hata akinuna. Kununa kunaisha. Nilinuniwa, na leo ananilalamikia chumvi kwenye mboga kama kawaida.

Leo hii, kabla ya adhuhuri, nenda kwa yule mgeni wako wa matufaha. Mwambie hayatazaa Pemba. Mwonyeshe mstafeli, mwonyeshe mpera, umwambie hii itazaa, na ile aliyoizoea akaitazame kwao angali na nguvu za kusafiri. Akikasirika, mwache akasirike. Kisha nipigie, usinitumie sauti, nataka nikusikie ukiwa hai.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali katika nchi ya watu, na majirani wenye huruma, na kisima cha maji matamu. Kila utakachokifukia kishike mizizi, na kila utakachokisema usione haya kukirudia mbele ya aliyekisikia. Akulinde na kiburi na uchovu, akurudishe kwetu salama wewe na watoto wako, mtukute tupo. Amin, mwanangu, amin.